Ukarabati unaojali mazingira katika nyumba za kupangisha Dodoma: kipi kinamlipa mwenye nyumba

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, nyumba za kupangisha zimeota kila upande wa mji, na wauzaji wa vifaa vya ujenzi nao wamejifunza kukiita kila wanachokiuza rafiki wa mazingira. Tathmini hii inahusu vifaa nilivyovifunga katika nyumba mbili: moja ya vyumba sita vyenye uwanja mmoja, iliyopo Nkuhungu, na nyingine nyumba nzima iliyopo Kisasa, ambayo hupangishwa kwa familia moja. Kigezo changu ni kimoja. Kabla ya kuuliza kifaa kinaokoa maji au umeme kiasi gani, mwenye nyumba anapaswa kuuliza bili ya maji au umeme huo inalipwa na nani, kwa sababu katika upangishaji anayetoa fedha ya kununua kifaa mara nyingi si yeye anayeona nafuu yake.

Nianze na joto, ambalo ndilo malalamiko ya kwanza ya mpangaji mwezi Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza. Chumba cha bati kisicho na dari hakikaliki saa nane mchana, na mpangaji mwenye uwezo hukihama mara tu apatapo kingine. Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ni kupaka bati rangi nyeupe ya kuakisi jua, na hii ninaisifu bila kusita, mradi bati lisafishwe na kupakwa rangi ya msingi kwanza. Kasoro yake ni vumbi: upepo wa kiangazi wa Dodoma huifunika ile rangi hadi ikawa ya udongo, na kabla ya kufika Oktoba paa linahitaji kuoshwa. Kwa mtazamo huohuo siyaelewi mabati ya rangi ya damu ya mzee na ya kahawia nzito yanayopendwa sana hapa mjini, kwa maana yanakusanya jua lote na kulishusha chumbani.

Njia ya pili ni karatasi ya kung'aa yenye rangi ya fedha inayotandazwa chini ya bati, juu ya dari. Karatasi hii ni nzuri ikifungwa sawasawa, lakini mafundi wengi huibana moja kwa moja kwenye bati, na hapo inakuwa hasara tupu, kwa sababu bati lililochomwa na jua huipasha karatasi, na karatasi hukipasha chumba. Lazima pawepo nafasi ya hewa kati ya upande unaong'aa na kitu kinachotazamana nao. Vilevile dari inahitaji matundu ya kutolea hewa ya moto kwenye kingo za paa, yenye wavu wa waya, la sivyo popo watahamia humo kabla ya mpangaji. Wagogo walilijua jambo hili zamani: tembe, lenye kuta nene na paa bapa la udongo, huwa na ubaridi mchana ambao nyumba nyingi za sasa hazina.

Kuhusu madirisha nitakuwa mfupi. Ya aluminiamu ya kuteleza yanapendeza, ila hufunguka nusu tu, hivyo ukiyaweka mahali pa dirisha la mbao lenye mbawa mbili unakuwa umelipa ili upunguze upepo. Huko Nkuhungu nilibakiza mbao za zamani, nikazipiga msasa na kuweka wavu wa mbu, na hakuna mpangaji aliyelalamika.

Kwenye maji ndiko penye faida ya wazi kwa mwenye nyumba, kwa sababu uwanja wa vyumba sita kwa kawaida una mita moja ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na ankara huja kwa jina lake. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100, hata ukitoa asilimia 20 ya maji yanayopotea, linaweza kutoa lita 44,000 kwa msimu. Hesabu hiyo inavutia, na wauzaji wa matenki huipenda, lakini haisemi yote. Tenki la lita 5,000 hujazwa na mvua ya milimita 60 hivi, yaani mvua mbili au tatu za nguvu, na baada ya hapo maji mengine yote humwagika barabarani. Nao watu 18 wanaotumia lita 40 kila mmoja hulimaliza kwa wiki moja. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba atavuna maji ya kumfikisha Novemba. Thamani halisi ya tenki hapa ni kufanya kazi mbili: masika linapokea maji ya paa, na kiangazi linapokea maji ya bomba siku yanapotoka, ili uwanja usikauke wakati wa mgao. Kwa kazi hizo mbili ninalipatia tenki alama za juu kuliko kifaa kingine chochote nilichonunua.

Gata ndiyo iliyonitia hasira. Fundi aliyeletwa na duka nililonunulia vifaa alizifunga bila mteremko wowote, maji yakatuama, na kabla ya mwezi kwisha wapangaji walikuwa wakihesabu viluwiluwi vya mbu. Ilibidi fundi mwingine azishushe na kuzifunga upya, kwa mteremko wa sentimita moja hivi kwa kila mita mbili kuelekea bomba la kushukia. Jambo lingine ambalo duka halikulitaja ni bomba la kupokea maji ya kwanza. Paa lililokaa miezi saba bila mvua limejaa vumbi na kinyesi cha ndege, na maji ya mwanzo hayafai kuingia kwenye tenki. Dawa yake ni rahisi: bomba la inchi 4 linalosimama wima kabla ya tenki, lenye kifuniko cha kufungua chini. Urefu wa mita 3 hubeba kama lita 24. Nimeweka mawili, na ukifungua vifuniko vyake baada ya mvua ya kwanza, yanayotoka yanafanana na chai ya maziwa.

Vyoo vya kuflashi vyenye vitufe viwili, kimoja cha lita 3 na kingine cha lita 6, nimeviweka Kisasa tu. Vinapunguza maji kweli ukivilinganisha na masinki ya zamani ya lita 9 au zaidi. Hata hivyo maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye mpira wa kuzibia maji hadi ukashindwa kukaa vizuri. Hapo choo huvuja kimyakimya usiku kucha, na akiba yote inaondoka. Tone la rangi ya chakula ndani ya tangi la choo litakuonesha: ukikuta rangi chini kwenye bakuli bila mtu kuflashi, mpira umekwisha. Ulizia mpira wa akiba kabla hujalipa. Duka lisilokuwa nao usinunue kwake. Kwa vyoo vya kuchuchumaa vya uani, vinavyomwagiwa maji kwa kopo, siwashauri wenye nyumba kubadilisha chochote, maana kopo linatumia maji machache kuliko kitufe.

Umeme ni habari nyingine, kwa sababu anayenunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni mpangaji. Mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na wa kundi la kawaida hulipa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Vyumba sita vikichangia mita moja ni rahisi kuvuka uniti 75, na hapo wapangaji wote hulipa bei ya juu, hata yule mwenye taa mbili na redio tu. Kumwekea kila mpangaji mita yake kuliwapa wangu nafuu kubwa kuliko taa zozote za LED, na ugomvi wa nani ana pasi ukaisha. Angalizo ni kwamba kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, ni ya mwenye nyumba kisheria. Mpangaji akiomba apunguziwe kwenye pango ana haki.

Paneli za sola za kuendesha nyumba nzima sizipendekezi kwa mpangishaji wa kawaida, pamoja na jua lote tulilonalo, kwa kuwa gharama ni yako, akiba ni ya mpangaji, na betri huchoka mapema. Taa za sola za uwanjani na getini ni tofauti, kwani umeme wa maeneo ya pamoja huwa unalipwa na wewe. Nunua yenye betri inayoweza kubadilishwa. Zile zilizogandishwa kwa gundi hutupwa zikiharibika, na hilo si rafiki wa mazingira hata kidogo.

Hita ya maji ya sola inastahili fedha yake kwenye nyumba nzima, si kwenye vyumba. Mwezi Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi ya kweli, na familia nyingi hutumia shawa ya umeme. Shawa ya kilowati 5 ikitumiwa na watu wanne, dakika 10 kila mmoja kwa siku, inakula uniti 100 kwa mwezi, yaani peke yake inavuka zile 75. Familia ya Kisasa iliielewa hesabu hiyo mara moja, nasi tukakubaliana nyongeza ndogo ya pango badala ya shawa ya umeme. Kwa sababu ya chumvi, chagua aina ambayo maji ya kuoga hayapiti moja kwa moja kwenye mirija inayopigwa na jua.

Mwisho ni tofali. Nilipoongeza stoo niliacha tofali za kuchoma, ambazo tanuru lake hula magogo katika mkoa usio na miti ya kutosha, nikatumia za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine na kufungamana zenyewe. Mafundi huziita intaloki. Zinapunguza mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia na hazihitaji plasta nje. Ubora wake unatofautiana mno kati ya kiwanja kimoja cha kufyatulia tofali na kingine, kwa kuwa wengine huzianika juani siku ya pili badala ya kuzimwagilia kivulini kwa wiki nzima. Kabla ya kulipa, chukua tofali moja, lizamishe kwenye ndoo usiku kucha, kisha asubuhi likwangue kwenye kona kwa msumari. Niliponunua mimi, kiwanja cha kwanza tofali lilimeguka mkononi. Cha pili, msumari uliacha mstari mwembamba tu, na stoo ikajengwa kwa tofali za hapo.