Village Voice au Chicago Reader?

Yote mawili ni magazeti ya Marekani yaliyozaliwa kwa sababu magazeti makubwa hayakujali yanayotokea mitaani. Village Voice lilianza mwaka 1955 katika mtaa wa Greenwich Village, New York. Chicago Reader likaja 1971.

Tofauti ya kwanza ni ya mfukoni. Voice liliuzwa kwa miaka mingi, mpaka 1996 lilipoanza kugawiwa bure Manhattan. Reader lilikuwa la bure tangu mwanzo: unalikuta limerundikwa dukani, unachukua lako, unaondoka. Matangazo madogo madogo, kama ya vyumba vya kupanga, ndiyo yaliyolisha ofisi zote mbili, na intaneti ilipoyanyakua, zote ziliyumba.

Kwa tuzo, Voice linaongoza. Lina Pulitzer tatu, moja ya mwaka 2000 kwa makala kuhusu Ukimwi barani Afrika (gazeti la mtaa, kumbe lilifika hadi huku kwetu!).

Hata hivyo, kura yangu naipa Reader. Mwaka 1990 mwandishi wake, John Conroy, alieleza kwa kirefu madai kwamba polisi walio chini ya kamanda Jon Burge waliwatesa washukiwa. Jiji halikushtuka sana. Conroy hakuchoka, aliirudia habari ile mwaka baada ya mwaka. Burge alifukuzwa kazi 1993, akaingia gerezani 2011 kwa kusema uongo chini ya kiapo, na 2015 jiji likatenga dola milioni 5.5 za kuwafidia walioteswa.