Sarafu za Mjerumani Tabora: ipi ununue kwanza

Bei imepanda kwa sababu mbili. Fedha na dhahabu zenyewe zimepanda, na wakusanyaji wa ng'ambo wanaisaka sarafu yenye herufi T, yaani iliyogongwa Tabora.

Anza na hela 20 ya 1916. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoziba njia ya meli, sarafu za Berlin na Hamburg hazikufika tena, ndipo karakana ya reli ya Lulanguru, jirani na mji, ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Kazi iliisha Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba mwaka huohuo. Kwa sababu ya haraka hiyo uzito hutofautiana na ukingo huenda usiwe duara kamili. Hiyo si kasoro. Upana ni kama milimita 29. Chukua lenzi utazame taji, kubwa au dogo, kisha ncha za herufi L katika neno HELLER, zilizochongoka au zilizojikunja. Muungano wa alama hizo ndio unaotenganisha ya kawaida na ya adimu.

Nyingi ni za shaba ya njano, chache za shaba nyekundu, na hapa wengi hulizwa. Shaba ya njano ikilowekwa kwenye ndimu au maji ya betri huliwa zinki ya juu, ikaota wekundu, ikauzwa kama nyekundu. Tazama ukingo uliosuguliwa na mikono: njano hujitokeza hapo.

Ya pili ni rupia moja ya fedha ya 1904 hadi 1914. Gramu 11.66, milimita 30, fedha sehemu 917 kwa 1000, kwa hiyo ndani yake kuna gramu 10.7 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya siku. Hiyo ndiyo thamani ya chini kabisa. Pima kwa mizani ya sonara. Iliyochakaa kidogo husoma 11.4, ikisoma 10 na alama bado kali, irudishe. Vitundu usoni au mshono ukingoni ni dalili ya kuyeyushwa na kumiminwa, si kugongwa. Kagua pia juu ya kichwa cha Kaisari wa Ujerumani: nyingi zilifanywa vidani, na baka la risasi ya kuunganishia au tundu lililozibwa hushusha bei hadi ya fedha tupu.

Ya tatu ni sarafu ziitwazo pesa, za 1890 hadi 1892, zenye maandishi ya Kiarabu, na heller moja ndogo, iliyotuachia neno "hela". Ni nafuu, na zinapendeza.

Ya mwisho, rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Ziligongwa kama 16,000 tu, gramu 7.17, dhahabu robo tatu. Bandia zimejaa. Pima uzito hewani, kisha ikining'inia majini, ugawe uzito wa hewani kwa tofauti: dhahabu hii hukaribia 15, shaba iliyopakwa haifiki 9. Lakini bandia ya dhahabu halisi hupita kipimo hicho, kwa hiyo usiinunue mtaani kabisa. Tahadhari hiyohiyo ishike kwa rupia 2 za 1893 na 1894.

Anayekuambia ndani ya sarafu mna zebaki nyekundu, dutu ya kitapeli isiyokuwepo, mwache hapohapo.

Usisugue kwa majivu, mchanga wala dawa ya meno. Maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha kausha kwa kugusisha kitambaa. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi; plastiki laini huacha utomvu wa kijani unaokula shaba.