Nimekichakaza kibehewa changu cha Nekoya kwa poda za Tamiya, huu hapa uzoefu wangu

Jamani, wiki ya tatu hii niko na hizi poda za Tamiya, zile Weathering Master seti B za kupaka modeli ya treni ionekane imechakaa na kutumika, na leo nataka nizieleze vizuri manake nilipokuwa natafuta mtu aliyezitumia huku Mombasa kwenye joto na unyevu wetu huu sikumpata.

Kibehewa chenyewe ni modeli ndogo ya kampuni ya Kijapani ya Tomytec, ule mfululizo wa Narrow Gauge 80, ile reli ya kubuni ya Nekoya. Ni behewa moja linalojiendesha lenyewe, kipimo ni 1:80, yaani ni dogo mara 80 kuliko la kweli, lakini linapita kwenye reli ya upana wa milimita 9, na ukizidisha 9 kwa 80 unapata 720, karibu kabisa na zile reli nyembamba za milimita 762 za vijijini Japani. Nimekipendea ufupi wake, changu kinakata kona ya reli za Tomix ya radiasi milimita 103 bila kusita, kwa hiyo mduara mzima umekaa kwenye ubao wa A3 na stesheni ndogo juu, na nafasi ya mti mmoja imebaki. Mota inauzwa kando, hilo mlijue kabla hamjamwagiza mtu, mimi alinibebea binamu yangu anayekaa Nagoya.

Sasa kikitoka kwenye boksi kinang'aa kama sahani mpya, na poda haishiki kwenye mng'ao, unaipaka ukigusa tu imetoka na kidole. Lazima kwanza upige vanishi isiyong'aa. Hapo ndipo nilipolia. Nilipiga spreyi (kampuni siitaji) jioni moja ya masika, mvua imetoka kunyesha, na kufumba na kufumbua paa lote limefanya ukungu mweupe kama limemwagiwa maziwa. Spreyi ikikauka inapooza plastiki, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunaswa ndani ya vanishi. Usiku ule sikulala vizuri wallahi. Nikangoja siku kavu, saa nane mchana, kopo nikalitia kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, nikapiga tena koti jembamba sana na ule weupe ukayeyuka karibu wote. Vioo vya madirisha vitoe kabla hujaanza, vikipata vanishi vinakuwa kama vya bafuni.

Poda zenyewe ni tatu, theluji, masizi na kutu, ziko kwenye kikebe kama poda ya uso na kibrashi chake chenye sponji, na nazipenda sana manake ukikosea unafuta na kijiti cha masikio chenye maji kidogo unaanza upya. Kilichonisaidia zaidi ni siku niliyopanda zile DMU za Nairobi, treni za abiria za dizeli zilizotoka Mallorca, Uhispania, nikabaki platfomu nikiangalia uchafu unatoka wapi. Masizi yanatoka kwenye ekzosi, na treni ikienda na kurudi yanalala pande zote mbili za bomba, si upande mmoja. Vumbi la breki ni la kahawia iliyoiva, si jekundu, kwa hiyo kwenye magurudumu na chini ya sakafu nachanganya kutu na masizi. Theluji nimeisugua kidogo tu katikati ya paa ili lionekane limepigwa na jua.

Kioo cha mbele nilikata kipande cha selotepu ya karatasi mfano wa kipepeo cha kupepea moto, nikabandika pale waipa inapofuta, nikapaka vumbi jepesi halafu nikabandua. Ule upinde msafi uliobaki ni mdogo kuliko ukucha wa kidole kidogo lakini ndio kila anayekuja nyumbani anauonyesha. Ngazi ya mlango nimeigusa pembeni na penseli tu, ikawa kama chuma kilichosuguliwa na viatu miaka na miaka. Dereva nilimkata miguu kwenye magoti manake mota imeinua sakafu, sasa anakaa vizuri.

Poda isifike kwenye gia wala kwenye uso wa gurudumu, umeme unapitia hapo, mimi nafuta kwa spiriti kabla ya kuwasha. Na ukipiga vanishi ya mwisho nusu ya poda inapotea machoni, kwa hiyo sehemu ninazoshika ndizo nimezifunga, paa nimeliacha hivyo hivyo.

Binamu anarudi Desemba, nimemwagiza seti C, nataka ile kutu ya rangi ya chungwa kwa behewa la mizigo.