Sherehe ya Kuzaliwa Nyumbani: Ziwa au Wanyama wa Saanane?
Kwa mzazi wa Mwanza anayepamba sherehe ya mwanawe kwa mikono yake, mapambo ya ziwa ndiyo nafuu zaidi, kwani maboksi yaliyokatwa kwa umbo la sato na sangara, pamoja na kipande cha wavu mkuukuu ukutani, hutosha kuibadilisha sebule, na mchezo wa kuvua kwa sumaku samaki wa karatasi wenye vibanio vya chuma huwashughulisha watoto kwa muda mrefu. Wanyama wa Saanane, kisiwa cha Ziwa Victoria kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, hudai barakoa, rangi na subira. Hata hivyo, mtoto aliyewahi kuvuka kwa boti kuwatazama swala huenda asiridhike na samaki anaowaona sokoni kila siku. Kwa wadogo kabisa ningechagua ziwa, maana barakoa huwatisha baadhi yao.