Jioni ya darubini nje ya Dodoma: puto lilipotosha, mchuzi ukaeleza

Mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, nililipa shilingi 15,000 kuhudhuria jioni ya kutazama nyota kwenye kilima kimoja nje kidogo ya jiji la Dodoma, ambako taa za mjini hazisumbui sana. Mada ilikuwa kutanuka kwa ulimwengu, na jinsi mvutano, nguvu inayovuta vitu vikaribiane, na nishati ya giza, ile inayosukuma ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi, vinavyoshindana ndani yake.

Mtoa mada alianza na puto. Alichora vidoa juu yake kwa kalamu, akalipuliza, navyo vikaachana kama galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinavyoachana, jambo ambalo mwanafalaki Edwin Hubble alilionyesha mwaka 1929. Tatizo ni kwamba vidoa vyenyewe navyo vilinenepa, na mzee aliyeketi jirani yangu akauliza kama basi hata Dodoma na Singida zinaachana. Jibu, ambalo lilichelewa kutolewa, ni kwamba ndani ya galaksi mvutano umevishikilia vitu kiasi kwamba kutanuka huko hakuvitenganishi. Angebandika punje za uwele badala ya kuchora, swali hilo lisingezaliwa.

Alijikomboa alipofika mwaka 1998. Hadi hapo wataalamu walitarajia kwamba mvutano wa mata yote, yaani vitu vyote vyenye uzito, unapunguza kasi ya kutanuka, lakini makundi mawili yaliyopima mwanga wa supanova (nyota zinazolipuka) za mbali yalizikuta zimefifia kuliko ilivyodhaniwa, yaani ziko mbali zaidi, kwa kuwa kasi inaongezeka. Kazi hiyo iliwapatia Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011. Kwa nini, basi, mvutano ulitawala kwanza, ukaja kuzidiwa miaka kama bilioni 5 iliyopita? Hapo akatumia mchuzi. Ukiuongeza maji, chumvi hupungua ukali, na ndivyo mata inavyozidi kutawanyika kadiri nafasi inavyoongezeka. Nishati ya giza, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni kama kila kikombe cha maji kije na chumvi yake: ukali haupungui, ndiyo maana mwishowe ikauzidi mvutano. Kwa mfano huo peke yake sikujutia hela yangu. Ila alipaswa kusema wazi kwamba nishati hiyo, inayokadiriwa kuwa asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, tumeipa jina tu. Asili yake haijajulikana.

Darubini ilikuwa moja kwa watu zaidi ya thelathini, na chai iliisha kabla foleni haijafika nusu. Zamu yangu ilipowadia niliiona galaksi ya Andromeda upande wa kaskazini, kiwingu kilichopauka, umbali wa takriban miaka nuru milioni 2.5 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Hiyo haitukimbii, inatusogelea kwa kilometa kama 110 kila sekunde, kwa sababu katika umbali huo, ambao kwa ulimwengu ni mdogo, mvutano bado ndio wenye nguvu. Nilipewa dakika moja tu ya kuitazama. Wakileta darubini ya pili, nitarudi na watoto.