Wango mwenye milia: kitabu cha hadithi nilichomnunulia binti yangu Kampala

Msikinunue. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua wazazi wengi hapa wanahangaika kutafuta vitabu vya hadithi vya Kiswahili, hasa tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipopitisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Mimi nilikifurahia hata kabla sijakifungua. Wakayima sungura, Wanjovu tembo, Wanfudu kobe, na Wango, wote wale aliotuhadithia jjajja (ndivyo tunavyomwita bibi au babu), sasa kwa Kiswahili. Nililipa bila kuomba nipunguziwe.

Tukafika ukurasa wa Wango. Wango ni chui, mtoto yeyote wa Buganda anajua. Kwenye picha amekaa kando ya chungu, mwili rangi ya chungwa, milia myeusi imemzunguka toka mabegani hadi mkiani. Milia! Huyo ni chui milia wa India na Siberia, hana kwao katika msitu wowote wa Afrika. Na sentensi iliyo juu ya picha hiyohiyo inasema Wango alijilamba madoadoa yake. Binti akaweka kidole kwenye mguu wenye milia, akaniuliza, "Taata, huyu ndiye sisi?"

Sisi ni wa ukoo wa Ngo. Chui ndiye muziro wetu, mnyama wa ukoo: hatumli, na wa ukoo mmoja hatuoani. Mtoto akijitambulisha mbele ya wazee hutaja jina lake, la baba, la babu, na muziro wake. Unampaje picha ya mnyama wa kwa watu? Mchoreeni Mghana Anansi buibui mwenye miguu sita, muone kama atanyamaza.

Nikakirudisha dukani. Kijana wa kaunta hakukigusa. "Ssebo, hiki ni cha watoto. Mnyama ni mnyama." Nikamfungulia ukurasa wenyewe. Akaendelea kubonyeza simu yake, kisha akamwita mteja aliyesimama nyuma yangu kana kwamba mimi sipo. Nilitoka mikono ikitetemeka. Cha watoto! Watoto ndio wanaotazama picha mpaka ukucha wa mwisho. Na chui hajatoweka Uganda. Kule Ziwa Mburo watu wanalipa kwenda kumtafuta usiku kwa kurunzi. Mchoraji ilikuwa atazame picha moja tu.

Ila haki niiseme. Aliyeandika maneno anazijua hadithi hizi. Ile ya njaa, Wakayima na Wango wanapokubaliana kuwaua mama zao, kwingine nimeiona imelainishwa mpaka haina ladha. Humu imeachwa kama alivyoisimulia jjajja: Wango anamwua mama yake kweli, Wakayima anamficha wake pangoni na kwenda kula kwake kila jioni. Wimbo wa kumwita mama umeachwa kwa Luganda, na nafasi ya wasikilizaji kuitikia ipo. Binti aliitikia kabla sijamaliza mstari. Kisha akataka kujua kwa nini Wango aliamini, na tukabishana mpaka mama yake akaja kuzima taa. Muziro wetu hushindwa karibu kila hadithi, ana nguvu lakini hana hila, na bado binti alikuwa upande wake, analia kwa ajili ya mama yake Wango. Kitabu kilichomfikisha hapo siwezi kukiita kibaya.

Basi kinunueni, kwa heshima ya aliyeandika. Si kwenye duka lile, popote pengine. Mkifika ukurasa huo mwambieni mtoto ukweli, kwamba Wango ana madoa.

Hapana. Jana usiku nimekifungua tena na ile milia ikanichoma upya. Kwa nini mzazi alipe halafu amsahihishie mchapishaji? Subirini kwanza. Wabadilishe picha ile moja, nami siku hiyohiyo nitanunua cha binti, cha watoto wa dada yangu, na cha darasa lao zima.