Programu ipi uichague kubadilisha rangi ya mandharinyuma ya picha

Kabla hujatoa pesa, tafuta picha moja ngumu: mtu mwenye nywele timtim, amesimama mbele ya ukuta mweupe. Ukuta ule ugeuze uwe buluu iliyoiva, kisha kuza picha hadi asilimia 200 na utazame pale nywele zinapokutana na rangi mpya. Programu dhaifu huacha utepe mweupe kuzunguka kichwa, utadhani mtu kamwagiwa unga. Nyingine hunyoa nywele zote ndogondogo, kichwa kikabaki kama kimekatwa kwa mkasi kutoka gazetini.

Kikombe au kiatu hakisumbui, karibu kila programu inakiweza. Unacholipia ni nywele, manyoya, shela na glasi. Ugumu wake ni kwamba pembeni mwa unywele pikseli moja (kinukta kidogo kinachojenga picha) hubeba rangi mbili, ya unywele na ya ukuta. Kukata peke yake hakutoshi. Lazima rangi ya ukuta iliyojificha ndani ya pikseli hiyo iondolewe.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni Photoshop. Inamtambua mtu yenyewe, halafu ndani ya dirisha la "Select and Mask" unapitisha brashi kwenye ukingo wa nywele na programu inazitenganisha na ukuta. Humo humo kuna "Decontaminate Colors", inayofuta mabaki ya rangi ya zamani. Mimi huiwasha karibu kila mara ninapotoka kwenye ukuta mweupe kwenda rangi nzito. Ubaya wake ni malipo. Tangu 2013 Adobe, wenye Photoshop, iliegemea malipo ya mwezi au mwaka, na ukiacha kulipa huwezi kuendelea kuitumia. Inafaa kama picha ndizo zinazokulisha. Kwa picha tano kwa mwaka, huo ni mzigo usio na sababu.

Ya pili ni Affinity, na hii ndiyo ningemshauri mtu wa kawaida aanze nayo. Zamani ulikuwa unainunua mara moja ikawa yako. Canva, kampuni ya usanifu wa mtandaoni, ikainunua mwaka 2024, na Oktoba 2025 toleo jipya likatolewa bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Canva. Zana za akili bandia ndizo zinazodai kifurushi cha kulipia. Kwa hiyo mtu akitaka kukuuzia leseni ya toleo la zamani, fikiri mara mbili. Brashi yake ya kuchagua ni nzuri na usafishaji wa ukingo unaridhisha, ila utatumia mkono zaidi kuliko kwenye Photoshop.

Photopea naiweka ya tatu. Inafunguka ndani ya kivinjari, haina cha kusakinisha, inasoma mafaili ya PSD (yale ya Photoshop), na menyu zake hazimpotezi aliyezoea Photoshop. Utavumilia matangazo usipolipa. Jambo ninalolipenda sana ni kwamba kazi yote hufanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe, picha ya mteja haipandishwi kwenye seva ya mtu.

GIMP ni ya nne. Ipo tangu 1996, ni bure kabisa, na mtumiaji wa Linux hana haja ya kuhangaika. Nywele inaziweza, lakini kwa subira yako: unachora mwenyewe sehemu ya mtu na sehemu ya ukuta ndipo ikusaidie.

Mwisho ni huduma za kubofya mara moja, kama remove.bg na kiondoa mandharinyuma cha Canva, ambacho kiko kwenye kifurushi cha kulipia. Kwa bidhaa nyingi za kuweka mtandaoni zinaokoa muda kweli. Ila angalia ukubwa wa picha unayorudishiwa: remove.bg bila malipo hukupa takriban robo megapikseli, mfano pikseli 625 kwa 400. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi, unapata kipande cha kama sentimita 5 kwa 3.

Yoyote utakayoichagua, hakikisha inakuruhusu kuweka kivuli kwenye tabaka (layer) lake na kukichanganya kwa mtindo wa kuzidisha (Multiply), unaotia giza rangi iliyo chini, maana bila kivuli kiatu huelea hewani. Na kama rangi hujaiamua bado, hifadhi kwa PNG. JPEG haitunzi uwazi, yaani sehemu ulizoondoa mandharinyuma hazibaki tupu.

Kama unataka kununua kwa ajili ya picha ya pasipoti, subiri kwanza. Soma masharti ya wanaotoa hati hiyo. Marekani, kwa mfano, haikubali picha iliyobadilishwa kwa programu ya kompyuta, ya simu wala kwa akili bandia. Hapo dawa ni kupiga upya mbele ya ukuta mweupe, mtu akae mbali kidogo nao ili kivuli chake kisiuguse.